Mpini wa Ngozi ya Mbuzi

Jumatatu, Septemba 23

Mvua ya kwanza leo. Imepiga bati la kibanda cha ufundi mpaka nikawa sisikii tupa yangu mwenyewe. Mteja kaja kutoka Isingiro, kajifunika mfuko wa salfeti, kasimama mlangoni anachungulia huku na huku, mimi kanipita kwa macho.

"Shikamoo mama. Fundi yuko wapi?"

Nikamwambia fundi yuko kaburini, nyuma ya migomba ile pale, kama ana haraka amfuate. Akacheka. Halafu akaona mimi sicheki. Mume wangu Rwezaura huu mwaka wa tatu yuko ardhini, na bado watu wanamwulizia kisu nimekishika mimi, vumbi la chuma limenijaa mimi puani. Nikampa kisu chake. Akakijaribu kwenye unywele wa mkono wake, akaridhika, akasema, "Asante mama, msalimie fundi." Haya bwana.

Alhamisi, Septemba 26

Mama ameangusha kisu tena.

Mama ni mkwe wangu, Benadeta, mzazi wa marehemu. Namwita Mama kwa sababu ndiye peke yake hapa nyumbani anayeniita mwanangu. Vidole vya mkono wake wa kulia vimevimba kwenye viungo kama tangawizi, na viwili vya mwisho havikunjiki kabisa. Ndizi mbichi ukiimenya inatoa utomvu, utomvu unateleza, na vile vipini vyembamba vya visu vya dukani vinamchomoka. Leo kisu kimeanguka, ndizi ikaanguka, na yeye akabaki anautazama mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Costansia, mke wa shemeji yangu Gideon, akakiokota, akakipangusa kwa kanga, akasema kwa ile sauti yake ya asali, "Mama, si upumzike tu? Nitamenya mimi."

Costansia alipotoka ndipo Mama akaniambia: "Adela, siku nikishindwa kumenya ndizi nitakuwa mgeni. Mgeni anatengewa chakula, anaambiwa karibu, na watu wanasubiri aondoke. Nitengenezee kisu."

Nimemwambia nitatengeneza. Kwa mwanamke aliyelisha nyumba hii tangu Rwezaura hajazaliwa, siwezi kusema nitajaribu.

Jumatatu, Septemba 30

Mvua. Mkaa umelowa, mvukuto unapumua moshi mtupu.

Alhamisi, Oktoba 3

Kisu cha kwanza. Bapa nimelitoa kwenye springi ya gari, fupi, urefu wa kidole, maana kisu cha kumenyea kikiwa kirefu kinamkata mwenyewe. Mpini nimeweka pembe ya ng'ombe, zile pembe zetu ndefu. Nimeisugua kwa msasa, kisha kwa majivu, mpaka ikawaka. Kizuri, haki ya Mungu. Rwezaura angekitundika ukutani.

Mama akamenya ndizi mbili. Ya tatu, utomvu ulipoingia, mpini ukazunguka kiganjani na bapa likamgeukia. Hakusema kibaya. Kasema, "Kizuri cha kuangalia."

Jumamosi, Oktoba 5

Wa pili, mti wa mbuni. Nilikata shina la kahawa lililozeeka, mti mgumu huo, haupasuki. Umeshika vizuri zaidi ya pembe lakini unamuumiza kwenye viungo. Wa tatu nikauzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Huo haukuteleza hata kidogo. Mama akamenya sufuria nzima, nikaanza kujisifu moyoni. Tulipokaa kula akatafuna, akatulia, akasema, "Ndizi zina ladha ya baiskeli." Tulicheka mpaka Costansia akaja kuuliza kuna nini. Hatukumwambia.

Lakini sijapata bado. Nimewaza kutwa nzima kwamba tangu mwanzo nakosea: natengeneza mpini kisha namwomba mkono uufuate. Mkono wa Mama hauwezi tena kufuata kitu.

Jumanne, Oktoba 8

Nimechimba udongo wa kichuguu, nimeukanda na maji mpaka ukawa laini kama unga wa chapati. Nikampa donge. "Kamata Mama, kama unamenya. Usijikaze." Akakamata. Nikamwambia aachie taratibu.

Mkono wote ukabaki pale: shimo la kidole gumba, mabonde ya vidole viwili vinavyokunjika, na mahali vile viwili vilivyokataa vilipolala tu juu. Donge nimelianika juani, kisha nimelichoma pembeni ya tanuri ili lisipasuke. Sasa liko kwenye rafu. Gideon aliingia kuangalia kibanda, kama anavyoingia kila wiki kukipima kwa macho, maana anataka kukigeuza stoo ya kahawa. Akaliona.

"Hiki nini?"

"Mkono wa mama yako."

Akaliweka chini haraka.

Jumamosi, Oktoba 12

Nimepata!

Mti laini nimeuchonga kwa kufuata donge, bonde kwa bonde. Ni mnene, una tumbo upande mmoja, ukiuona peke yake unadhani umekosewa. Juu yake nimevisha ngozi mbichi ya mbuzi, nimeishona ikiwa bado imelowa na kuiacha ikauke pole pole kivulini. Ngozi ikikauka inajibana yenyewe kwenye mti, haitoki tena. Nikaipaka samli.

Mama alikichukua, na mkono wake ukaingia. Sina neno lingine. Akamenya, utomvu ukamwagika, kisu hakikusogea. Akamenya, akamenya, maganda yakarundikana miguuni, na mara naona machozi yanamtoka na mikono haisimami. Costansia kasimama mlangoni na beseni lake mkononi, hana la kufanya.

"Adela," Mama kasema, "umenirudishia mkono."

Mimi ambaye silii ovyo nimekwenda kulia nyuma ya kibanda.

Jumapili, Oktoba 13

Misa. Mama kaenda na kisu kwenye mkoba. Kanisani!

Jumatano, Oktoba 16

Mkutano wa bibi shamba, Edith, pale ofisi ya kijiji. Mnyauko wa migomba umerudi. Kasema umeshafika Rugu. Ugonjwa unatembea na visu: ukikata mgomba unaoumwa, ukaenda na kisu hicho hicho kwenye mzima, umeshaupanda. Kwa hiyo kila ukimaliza shina moja, kisu kipite motoni mpaka kisishikike, au kichovywe kwenye ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ndipo ukate jingine. "Kisu chochote," kasema, "hata cha jikoni, kama kinaingia kwenye migomba."

Niliutazama mkoba wa Mama. Bapa lile ni fupi mno. Moto wa kuua ugonjwa utafika kwenye mpini, na ngozi ikipata moto inajikunja na kupasuka. Ile dawa nayo itaifanya ngumu kama ganda, achilia mbali harufu kwenye chakula. Tukiwa njiani nikamwambia, "Mama, hiki kiwe cha jikoni tu. Majani ukate na muhoro." Muhoro ni ule mkubwa wa kunyofolea majani ya migomba, una mpini mrefu wa mti.

"Sawa mwanangu," kasema.

Jioni akaja Niyomugabo na panga lake. Huyu ni kibarua, mama yake alitoka Burundi akiwa na mimba yake, yeye kazaliwa hapa hapa Ihembe, lakini mpaka leo anaitwa Mrundi. Anaishi kwenye kijumba kona ya kibanja cha Gideon, shamba lake la migomba, na anafanya kazi nusu ya mashamba ya hapa. "Dada Adela, panga limekuwa legevu, likigonga kisiki linapinda." Nikaligeuza kwenye mwanga. Bapa zima lina rangi ya bluu na zambarau. Nikamwambia analichoma mno, chuma kinapoteza ugumu.

"Bibi shamba amesema tuchome. Mimi nachoma kila shina. Kwangu mimi wakipata sababu hawataitafuta mara mbili."

Nikalirudishia ugumu wake. Kashukuru, kaniita fundi. Ndiye mtu mmoja anayeniita hivyo.

Jumamosi, Oktoba 19

Msiba Rugu, mzee mmoja wa upande wa kina Mama. Huku kwetu mwanamke haendi msibani mikono mitupu, anakwenda na kisu chake. Wanawake wanakaa duara, wanamenya ndizi za waombolezaji, na anayekaa pembeni bila kisu ni mgonjwa au ni mgeni wa mbali. Miaka mitatu Mama alikuwa anakaa pembeni. Leo kavaa gomesi la zambarau, kaweka kisu mkobani, kaondoka na wanawake wa jumuiya akitembea kama bibi harusi. Mimi nilibaki, nina visu vya watu.

Amerudi jioni kalowa chapachapa, hana hata habari. "Nimemenya mpaka wakaniambia mama pumzika. Mwingine akaniuliza kisu nimenunua wapi, nikamwambia hakiuzwi. Na majani ya kufunikia sufuria nimekata mwenyewe! Ila wenzetu wale shida imewapata, wanakata hata ndizi changa. Nyingine ukizipasua ndani zina rangi ya kutu."

Nikamwambia avue nguo mbichi asije akaugua. Hilo ndilo nililomwambia. Kisha nikamwomba anieleze tena yule aliyeulizia kisu.

Jumatatu, Oktoba 28

Mvua, mvua, mvua. Tope mpaka mlangoni.

Jumatatu, Novemba 4

Nilipotoka asubuhi nikamkuta Mama ndani ya migomba, anakata majani ya kufunikia chakula. Na kile kisu. Anakata hapa, anasogea shina la pili, anachagua jani pana, anakata. Amefika mpaka kule upande wa Gideon.

Nilitaka kusema kuhusu muhoro. Lakini alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, na mimi sijamsikia akiimba tangu tumzike Rwezaura. Nikapita.

Jumamosi, Novemba 9

"Fundi yuko wapi?" mara mbili leo. Wa pili nimemwambia amesafiri.

Alhamisi, Novemba 14

Jani moja la njano, kwenye shina lililo karibu na njia. Gideon kasema ni maji mengi.

Jumamosi, Novemba 16

Si maji. Majani matatu yamelala kama yamechemshwa. Kuna mkungu umeanza kuiva haujakomaa. Gideon akaukata, akapasua ndizi moja katikati. Ndani ina rangi ya kutu.

Nilisikia sauti ya Mama kichwani mwangu, neno kwa neno, kana kwamba ananisimulia tena huku amelowa. Nikaketi juu ya jiwe. Gideon akauliza naumwa nini.

Jumatano, Novemba 20

Mashina yanaongezeka. Ukiyafuata unaona njia: kutoka mlango wa jiko, kupita kaburi la Rwezaura, mpaka upande wa Gideon. Ni njia ya mtu anayechagua majani mapana.

Ijumaa, Novemba 22

Senene wameanguka leo, watoto wa kijiji kizima wako nje na makopo, kelele na vicheko kila upande. Mwaka jana tulikaanga sufuria mbili. Leo Mama kaniletea sahani, nimekula wachache kwa heshima.

Gideon hacheki na mtu. Anazunguka kibanja akigusa mashina. Nikimwangalia namwonea huruma, na huruma kwa Gideon ni kitu kigeni kwangu. Migomba hii aliipanda babu yake. Wazee wote wamezikwa chini yake.

Jumamosi, Novemba 23

Huruma imekwisha. Gideon kasimama katikati ya uwanja, kapaza sauti majirani wasikie: "Panga linalotembea mashamba yote ni la nani? Nani amefanya kazi Rugu mwezi wa tisa? Tumefuga nyoka!" Niyomugabo alikuwa pale, amebeba mkungu begani. Akautua taratibu.

Costansia kasema, "Hawa watu ndivyo walivyo." Niyomugabo ndiye aliyembeba mwanawe mgongoni mpaka zahanati alipoumwa na nyoka wa kweli.

Jumapili, Novemba 24

Baada ya misa nimechukua kisu cha Mama kutoka jikoni, nikasema nakwenda kukinoa. Nimekaa nacho kibandani, nikafunga mlango.

Chuma hakidanganyi. Chuma kikipita motoni kinabadilika rangi: kwanza manjano ya nyasi kavu, halafu kahawia, halafu bluu. Ukikisugua, rangi inabaki kwenye mizizi ya bapa, pale linapoingia kwenye mpini, ambapo jiwe la kunolea halifiki. Panga la Niyomugabo ni bluu tupu. Hiki cha Mama kinang'aa kama siku niliyompa. Hakijauona moto hata mara moja. Na kwenye mshono wa ngozi kuna utomvu uliokauka, mweusi, tabaka juu ya tabaka.

Nikamwita. Nikamwonyesha. Nikamwuliza, "Mama, ulipotoka Rugu ulikipitisha motoni?"

Alikitazama kisu, si mimi. "Mpini ungeungua."

"Nilikuambia ukate majani na muhoro."

"Muhoro siwezi kuushika, Adela. Unajua siwezi. Hiki ndicho kinachonikubali." Halafu kwa sauti ndogo, "Nilikipangusa. Nilikipangusa vizuri."

Akanyoosha mkono, nikampa kisu. Ningefanya nini? Mpini ule haumfai mtu mwingine yeyote duniani.

Jumanne, Novemba 26

Leo ndiyo ilikuwa siku. Nitaandika yote kama yalivyokwenda, maana kesho watayasimulia tofauti.

Gideon aliita kikao uwanjani kwake. Balozi wa mtaa alikuja, bibi shamba Edith alikuja, majirani walijaa, wengine wamesimama chini ya maturubai kwa sababu ya manyunyu. Niyomugabo kakalishwa mbele kwenye gogo, peke yake. Mama kaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na Costansia, mkoba mapajani.

Edith alieleza tena habari ya visu. Alisema wazi hajui nani kaleta ugonjwa, na kwamba kutafuta mtu hakutaponya mgomba. Gideon akamshukuru kwa adabu, akaendelea kana kwamba hajasema. "Ndugu zangu, huyu amefanya kazi Rugu. Huyu anaingia kwangu na panga lake. Mimi nasema aondoke kwenye kijumba changu leo, na mtu wa Ihembe asimpe kazi tena."

Watu wakaguna. Mguno ule wa kukubali, naujua. Balozi akamwuliza Niyomugabo ana la kusema.

"Nilichoma panga kila shina," akasema. "Mungu anajua."

"Mungu hatumwiti hapa shahidi," Gideon akajibu, na watu wakacheka.

Nilimtazama Mama. Nilimtazama kwa muda ambao hata mtoto angeelewa. Alikuwa anatazama mkoba. Nikasema moyoni: sasa hivi atasimama. Huyu ndiye aliyenifundisha kwamba uongo kwenye chakula ni sumu. Atasimama. Gideon ni mwanawe, atamfanya nini?

Hakusimama.

Basi nikasimama mimi. Nikamwomba Niyomugabo panga, nikapita nalo mbele ya balozi. "Tazameni hii rangi. Hii ni rangi ya moto. Si wa siku moja. Mwezi wa kumi aliniletea limelegea kwa kuchomwa, nikalitengeneza mimi. Mtu anayechoma hivi haleti mnyauko kwa mtu."

"Basi kaleta nani?" Gideon akauliza.

Manyunyu tu kwenye turubai. Kila mtu ananitazama, na Mama, sasa, naye ananitazama. Nimemwona yule mama aliyelia juu ya maganda ya ndizi. Nimemwona akiwa mgeni, anatengewa chakula, anaambiwa karibu, na wanasubiri. Na nimemwona Niyomugabo kwenye gogo.

"Ni kisu changu," nikasema. "Nilitengeneza kisu chenye mpini usiovumilia moto, kikaingia kwenye migomba. Ni mimi."

Sikudanganya, ukiangalia. Ni mimi niliyetengeneza. Ni mimi niliyemwona tarehe nne nikapita. Lakini nilisema nikiamini kwamba nikifika hapo, Mama atainuka aseme, hapana, mwanangu, kaa chini. Nilimwachia nafasi. Nilinyamaza makusudi ili nafasi iwepo.

Mama alifunga zipu ya mkoba.

Gideon alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Nadhani alifurahi, Mungu anisamehe kama namsingizia. "Nilisema siku nyingi," akawaambia watu, "mwanamke na chuma wapi na wapi. Kibanda kile kiko kwenye kibanja cha ukoo. Kifungwe." Balozi akasema ni busara. Gideon kashika mpini, mimi nimeshika makali, ningesema nini? Costansia akanitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko yote.

Kwa Niyomugabo hakuna aliyesema pole. Walinyanyuka tu, wakampita.

Jumatano, Novemba 27

Mama kaja kibandani mapema, kasimama mlangoni, hakuingia.

"Adela. Wewe bado una miaka. Kosa lako watalisahau. Langu watanizika nalo."

Nilikuwa napanga koleo na tupa kwenye gunia.

"Ningesema, wangenitoa jikoni siku hiyo hiyo."

"Najua, Mama."

"Basi nielewe."

Ninamwelewa. Hilo ndilo linalonichoma, kwamba ninamwelewa kabisa, na bado nikiuona mkono wake nataka kuugeuzia uso.

Jumanne, Desemba 3

Tumeng'oa. Edith kasema si kukata tu: shina lote na mizizi, lifukiwe, na isipandwe ndizi hapo kwa miezi sita. Tumechimba mashimo kwenye mvua, watu wote wa nyumba hii na majirani. Kaburi la Rwezaura sasa liko peupe, mtu akipita njiani analiona. Nimefika hapo nikaweka jembe chini nikashindwa kuendelea. Gideon alinisogelea. Nikadhani atanisema. Akachukua jembe langu, akachimba sehemu yangu, akalia bila kujificha. Tukawa tunalia wote wawili, mimi na mtu anayenifukuza kibandani.

Jumamosi, Desemba 7

Niyomugabo ameondoka. Mke wake kabeba godoro, yeye kabeba mabati mawili. Wanakwenda upande wa Isingiro, kuna mtu anahitaji vibarua. Nilimwambia, "Lakini nilikusafisha mbele ya watu wote."

"Wewe ulinisafisha, dada," kasema. "Wao hawakusema kitu. Tangu siku ile sijaitwa kazini hata mara moja."

Kisha kaangalia upande wa jiko, ambako Mama alikuwa anachambua maharage, na kaniangalia mimi. Nadhani anajua. Alikuwa shambani kila asubuhi, alimwona akikata majani. Alijua siku ile kwenye gogo, na hakumtaja mwanamke mzee. Kasema tu, "Ubaki salama, fundi."

Jumanne, Desemba 10

Gideon kachukua fuawe, lile chuma zito ninalofulia visu juu yake. Lilikuwa la baba yao, siwezi kubisha. Walilibeba wanaume wawili. Chini yake kumebaki duara la udongo mkavu, na siafu wakitoka.

Jumapili, Desemba 15

Asubuhi nimeingia jikoni kuchota majivu, nikakuta kitu. Kisu cha Mama. Bapa limekuwa bluu lote, ngozi imeungua, mti umebaki mkaa. Mama kaketi pembeni ya mafiga, mkono wake mapajani.

"Nimekipitisha motoni," kasema.

Sijui. Nimekigeuza kutwa nzima kichwani na sijui. Inawezekana ni toba, kwamba kajinyang'anya mwenyewe kitu alichokipenda kuliko sisi. Inawezekana kaficha, ili mtu yeyote akikitazama aone rangi ya moto kama ya Niyomugabo. Nilitaka kumwuliza. Lakini nimeona nikiuliza atanijibu, na jibu lolote sitaliamini.

Alhamisi, Desemba 19

Ugali. Ugali hauhitaji kisu. Costansia anasonga, anapakua, anamtengea Mama wa kwanza kwa heshima zote. "Karibu Mama." Mama anasema asante.

Jumanne, Desemba 24

Mvua imepungua. Gideon kaleta mkungu wa ndizi wa kununua, kwa ajili ya Noeli, kutoka kwenye mashamba ambayo bado mazima. Costansia kaketi na beseni, mimi nikaketi naye. Mama kachukua kisu cha dukani, kajaribu. Kimeanguka. Kajaribu tena. Hatukumtazama, ni adabu. Halafu akakiweka chini mwenyewe, akafuta mkono kwenye kanga.

Jioni akanifuata kwangu. Alisimama kidogo akiangalia lile gunia la vifaa.

"Adela, mwanangu. Lile donge la udongo. Ule mkono. Upo?"

Nikamwambia ulivunjika siku walipobeba fuawe.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema pole, eti ni kazi yangu nzuri imepotea, akarudi jikoni taratibu, akishika ukuta.

Haukuvunjika. Uko chini ya kitanda changu, umefungwa kwenye kanga, mzima, na bonde la kila kidole.